Mwaka wa Nne Haujapata Mdhamini

Redio ile ilikuwa na sheria nyingi za mdomo na moja tu ya maandishi. Ilitundikwa juu ya kioo cha studio kwa herufi nyekundu: KISICHOLIPIWA HAKISOMWI. Mlango wa choo ulikuwa unafungwa kwa kamba, kiyoyozi kinatoa maji badala ya baridi, lakini sheria ile ilikuwa na fremu ya dhahabu na inafutwa vumbi kila asubuhi.

Na waliifuata, msidhani utani. Saa haikutajwa mpaka muuza saa atajwe kwanza, kwa hiyo ukitaka kujua saa mbili ni lini, unaijua saa mbili na dakika moja. Utabiri wa hali ya hewa ulidhaminiwa na muuza miavuli, na kwa miaka minne mfululizo mji mzima ulitangaziwa mvua, huku jua linawaka mpaka lami inanata kwenye viatu. Kuna watu walibeba miavuli mpaka wakazoea, wakawa wanaiita fimbo.

Aliyekaa chini ya sheria hiyo kutwa nzima alikuwa dada mmoja wa mitambo, mwembamba, vipokea sauti vyake vimezungushiwa utepe wa gundi ili visianguke vipande viwili. Pale kazini walimwita Swichi. Kazi yake kufungua maiki, kufunga maiki, kuingiza muziki na kubeba lawama. Mtangazaji akikohoa hewani, ni Swichi. Umeme ukikatika mji mzima, bado ni Swichi. Bosi hakujua hata jina lake la nyumbani. Akimtaka anagonga kioo kwa pete.

Na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza jina, hakuna aliyejua kwamba mama yake ndiye aliyekuwa Shangazi wa Asubuhi, mwanamke wa kwanza kutangaza kwenye masafa yale. Siku Swichi alipokwenda kuomba kazi, mama mtu alimwambia asithubutu kuingia kwa mgongo wa mtu. Kama anajua kuunga waya, basi waya utamtetea. Swichi akaingia kimya, akafanya kazi miaka mitatu, kimya vilevile.

Basi redio ikatimiza miaka ishirini.

Bosi aliita kikao. Alikuwa amevaa suti yenye kitambaa mfukoni, na alipoanza kusema habari ya historia, sauti ilimtetemeka kama anajizika mwenyewe. Akasema Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi, wataisimulia safari yote, mwaka baada ya mwaka, kila mwaka dakika kumi. Wasikilizaji wajue tulikotoka. Watu wakapiga makofi. Halafu akasimama Bwana Mauzo, yule mkuu wa matangazo ya biashara, mwenye simu tatu na shingo moja, akasema historia ni kitu kizuri sana na yeye ameshaanza kuiuza.

Akafafanua. Kila mwaka utakuwa na mdhamini wake, na habari za mwaka huo lazima zishikane mikono na bidhaa. Mwaka wa pili, paa lilipovuja mpaka wakatangaza wamejifunika turubai, umechukuliwa na muuza mabati. Mwaka wa sita, panya walipotafuna kanda zote za muziki wa dini, umechukuliwa na muuza sumu ya panya, na ameomba idadi ya panya iongezwe. Mwaka wa kumi na moja hakukutokea kitu chochote, kwa hiyo umenunuliwa na kampuni ya magodoro.

Swichi aliinua kidole akauliza mwaka wa nne ni wa nani.

Bwana Mauzo akapitisha kidole kwenye orodha. Akasema mwaka wa nne haujapata mdhamini, na usipopata mpaka Ijumaa watatoka mwaka wa tatu waende wa tano. Bosi akaitikia haraka, haraka kuliko alivyokuwa ameitikia kitu chochote siku ile, kwamba naam, mwaka ule hata haukuwa na lolote la maana.

Swichi akashusha kidole. Mwaka wa nne ulikuwa wa mama yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka ule redio nyingine ilifunguliwa ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, na ilikuwa na viti vya kuzunguka. Ni viti tu, hakuna kingine. Asubuhi moja watangazaji wote walivuka barabara na vikombe vyao vya chai mkononi, wakaenda kuzunguka. Akabaki Shangazi wa Asubuhi peke yake, na ana mtoto wa miaka tisa, ndiye Swichi, anayelala chini ya meza ya studio juu ya rundo la makoti. Siku kumi na moja aliiendesha redio mwenyewe. Asubuhi alikuwa Shangazi. Mchana akawa mwalimu wa afya. Jioni alibana pua, akaishusha sauti mpaka miguuni, akawa mwanamume wa mpira. Wasikilizaji hawakujua kitu. Mwanamume wa mpira aliletewa barua tatu za uchumba. Siku ya kumi na mbili redio ya ng'ambo ilifilisika, wale wakarudi na vikombe vyao, wakamkuta amekaa palepale, sauti imebaki nyuzi moja.

Sasa huko mtaani kwao hakuna aliyeyaamini hayo. Mama alikuwa ameyasimulia mpaka akachoka, na kila akianza, jirani wa nyumba ya pili, mama mmoja mwenye kucheka kwa mabega, alimkatiza kwa kusema kwamba redioni alikuwa anachemsha chai, aseme tu, chai si dhambi. Kwa hiyo aliposikia historia itasomwa hewani, mama alifanya kitu ambacho Swichi alitamani asingekifanya: aliwaalika watu. Mtaa mzima. Jumamosi, uani kwake, saa nne na nusu kamili, waje wasikie. Akaazima viti. Akamwita na mdogo wake, ambaye Swichi humwita mama mdogo, aje asimamie redio isichezewe.

Swichi akaanza kuutafutia mwaka wa nne mdhamini, na Alhamisi usiku ulipoingia alikuwa hajapata hata mmoja. Muuza viti alikataa, akisema hadithi ya watu kukimbilia viti vya mwenzake si tangazo, ni matusi. Muuza majani ya chai aliuliza kama mama huyo kweli hakuwa anachemsha chai. Ijumaa mchana, jua la utosi, akajikuta mbele ya karakana ya seremala wa majeneza.

Seremala alikuwa mtu mchangamfu kupita kiasi kwa kazi ile. Alimkaribisha Swichi akae juu ya jeneza ambalo halijapakwa rangi, akamsikiliza mpaka mwisho, penseli sikioni. Akasema anapenda redio tangu utotoni, ila redio ndiyo haimpendi yeye. Kila akipeleka tangazo anaambiwa linaharibu hamu ya kula. Yuko tayari kuununua mwaka huo. Ila ana swali moja tu dogo.

"Mwaka huo alikufa nani?"

"Hakufa mtu, mjomba."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Seremala alionekana kuumia kidogo, lakini akasema haidhuru, watamalizana na Bwana Mauzo. Swichi akaondoka anakaribia kuruka. Aliandika habari ya mwaka wa nne kwa mkono wake, akaifuta, akaiandika tena kwenye simu mpaka chaji ikaisha, akampelekea Bwana Mauzo. Jioni akamwambia mama yake mambo yamekaa sawa.

Hapo sasa ndipo watu wa kazi ile walipofanya kosa ambalo muuza nyanya asingeweza kulifanya hata akijitahidi. Bwana Mauzo alikaa na maandishi ya Swichi mkono huu, tangazo la majeneza mkono ule, akaona havishikani mikono. Habari imejaa mtu mzima wa afya, bidhaa ni jeneza. Akamuuliza Ulimi, mtangazaji mkuu, yule wa sauti ya asali, kama huyo Shangazi wa Asubuhi bado yupo. Ulimi alikuwa anajichana ndevu. Akajibu kwamba kwa redio, mtu ambaye hajasikika miaka mitano ameshazikwa. Bwana Mauzo akaona hilo linatosha kabisa. Akachukua kalamu, akaongeza neno moja kabla ya jina, na mistari miwili mwishoni.

Jumamosi ikafika. Saa nne wakaanza, mambo moto. Mwaka wa kwanza ukaletwa na sabuni, wa pili ukaletwa na mabati, wa tatu na dawa ya kikohozi. Swichi yuko kwenye mitambo, anaitazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Ulimi akavuta karatasi, akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti yake ya kumwaga asali:

"Mwaka wa nne unaletwa kwenu na majeneza imara, pumzika kwa raha. Leo tunamkumbuka marehemu Shangazi wa Asubuhi, aliyeitumikia redio hii kwa siku kumi na moja, mpaka pumzi yake ya mwisho."

Swichi alidhani vipokea sauti vimeharibika. Akavivua, akavivaa tena. Ulimi akaendelea kusoma kwamba sasa kila msikilizaji popote alipo asimame kwa dakika moja ya ukimya, na ukimya huo pia unaletwa na majeneza imara. Na kwa kuwa Bwana Mauzo hakuwa mtu wa kuacha hewa iende bure, ndani ya ukimya ule likapigwa tangazo la majeneza mara mbili, lenye sauti ya randa na mtu anayecheka.

Simu ya Swichi ilianza kutetemeka kabla ukimya haujaisha. Ni mama mdogo. Alikuwa anahema, na nyuma yake kilio kimetanda. Akaeleza kwamba mama alikuwa amekaa kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani, na neno lile lilipotoka watu wote uani waligeuka wakamtazama, naye akawatazama. Jirani wa nyumba ya pili ndiye aliyeanza kulia. Alilia akiwa amemshika mkono huyohuyo anayemlilia. Halafu wa mitaa mingine wakaanza kumiminika getini, wameshavua viatu.

"Na mama je?" Swichi akauliza.

"Ameoga, anavaa. Anasema anakuja huko."

Swichi aliweka wimbo mrefu kuliko nyimbo zote, akaingia kwa Ulimi. Akamwambia mtu yule yuko hai, asahihishe sasa hivi. Ulimi alimtazama kwa huruma ya kweli kabisa, akageuza karatasi mbele na nyuma kumwonyesha. Habari hiyo haipo. Angependa sana, lakini haipo kwenye karatasi.

Akakimbilia kwa Bwana Mauzo. Huyo alikuwa anapokea simu mbili kwa wakati mmoja, uso unang'aa. Aliposikia, hakubisha hata kidogo, alivuta daftari. Akasema kusahihisha kifo ni tangazo kama tangazo lingine, linahitaji mdhamini, na lazima vishikane mikono. Akaanza kuwaza kwa sauti nani anaweza kudhamini kufufuka. Akampigia muuza juisi ya kuongeza damu. Akampigia mwenye gereji. Muuza juisi alitaka kwanza marehemu akiri kwamba aliinywa.

Bosi akatokea mlangoni, kitambaa cha mfukoni kimelowa jasho la furaha. Alisema tangu redio ifunguliwe hawajawahi kupigiwa simu nyingi namna hii. Watu wanalia, watu wanatuma rambirambi, seremala ameagizwa kazi mpaka mwezi ujao. Alipoambiwa marehemu hajafa, akatazama saa.

"Afufuke baada ya saa saba," akasema. "Tumalize na miaka iliyobaki."

Swichi akarudi kwenye mitambo maana wimbo ulikuwa unaelekea kuisha. Mwaka wa tano ukapita, ukapita na wa sita wenye panya. Katikati ya wa saba, mlango wa studio ukafunguliwa, na mama yake akaingia, amevaa vazi lake la harusi za watu, mkoba kwapani. Mlinzi alikuwa nyuma yake hatua kumi, anasoma dua. Hakuwa amemwandikisha kitabuni. Alisema baadaye kwamba hakujua ajaze nini kwenye sehemu ya unakotoka.

Ulimi aliinua macho. Alikuwa amewahi kuiona picha ya yule mama kwenye korido ya zamani. Aliiacha sentensi ya mwaka wa saba ikining'inia kwenye neno "hatimaye", akatoka kwa mlango wa pili, na asali yake yote.

Hewa ikawa tupu. Mama akajikalia kwenye kiti, akavuta maiki karibu, akaishusha kidogo kama mtu aliyeondoka pale jana. Halafu akamtazama binti yake kupitia kioo, akangoja.

Wakati huo Bosi na Bwana Mauzo walikuwa wameshafika upande wa Swichi. Bwana Mauzo ananong'ona kwamba mwenye gereji amekubali, ampe dakika tano tu waandike kitu. Bosi hakunong'ona. Alimwambia Swichi kwamba akifungua maiki ile kwa mtu asiye kwenye karatasi, asirudi tena, si kesho, si milele. Kisha akaongeza, taratibu zaidi, kwamba mwanamke huyo ana maneno mengi ya zamani na hayamsaidii mtu.

Swichi alimwona mama yake anavyongoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekaa kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali, mwenye hakika kwamba ataitwa.

"Ni mama yangu, bosi," Swichi akasema, akafungua.

"Habari za mchana," mama akasema. "Naitwa Shangazi wa Asubuhi. Sijafa. Aliyekuwa anasomewa hapa ni mtu mwingine."

Akausimulia mwaka wa nne. Hakupamba. Alisimulia viti vya kuzunguka, vikombe vilivyovuka barabara, makoti chini ya meza. Alifanya kidogo na ile sauti ya mwanamume wa mpira, na mlinzi huko mlangoni akaacha kusoma dua, akacheka. Halafu akasema watu humuuliza mkurugenzi, huyuhuyu wa leo, alikuwa wapi siku hizo kumi na moja. Bosi akajitupa kwenye mitambo, lakini vitufe vilikuwa mia na kitu na hakuwahi kujua hata kimoja kinafanya nini. Alibonyeza viwili, zikawaka taa na feni. Na mama akaeleza bila haraka kwamba alimwona kwa dirisha hili hapa, siku ya tatu, kwenye benchi la redio ya ng'ambo, amekaa kwenye foleni ya wanaoomba kazi, bahasha magotini. Hawakumchukua. Siku ya kumi na mbili alirudi akasema alikuwa mgonjwa.

"Mimi nilimpa pole," mama akasema. "Hayo ndiyo ya mwaka wa nne. Nimemaliza, mwanangu, unaweza kufunga."

Swichi akafunga maiki. Hakungoja kufukuzwa, alichukua chaja yake tu, vile vipokea sauti akaviacha viangukie vinapotaka. Bosi alikuwa amekaa sakafuni karibu na feni. Bwana Mauzo yeye alikuwa anamkimbilia mama kwenye korido na karatasi, anamwambia kuna fundi mmoja wa mabenchi amepiga simu, anaitaka ile sehemu ya benchi irudiwe kila Jumamosi. Mama akampita kama anavyopitwa mtu anayegawa vipeperushi.

Njiani, kwenye pikipiki, wao wawili na dereva wamebanana, mama alikuwa anatabasamu peke yake. Alisema sasa atamwona yule wa nyumba ya pili atacheka na mabega yapi.

Walipofika, uani palikuwa pamejaa watu kuliko asubuhi. Wanaume wameketi upande huu, wanawake upande ule, wametulia vizuri kabisa, wengine wametoka mbali. Waliojua waliwaeleza wasiojua kwamba huyo anayeshuka ndiye, na yuko hai, na wasimguseguse. Mama akapita katikati yao mpaka kwenye meza. Akawauliza, wamesikia?

Mama mdogo akainamisha kichwa. Redio ilikuwa mezani, imezimwa, imefunikwa kitambaa cheupe.

"Dada, tuliizima," mama mdogo akasema. "Tangu saa nne na nusu. Watu walikuwa wanalia, ningeachaje iendelee na matangazo ya sabuni?"

Swichi aliona mabega ya mama yake yanavyoshuka, akajua hakuna anachoweza kukifungua wala kukifunga kurekebisha hili. Mji mzima ulikuwa umesikia. Uani hakuna hata mmoja.

Basi yule jirani wa nyumba ya pili, macho mekundu, kamasi bado, akajisogeza kwenye benchi mpaka ikapatikana nafasi. Akaipangusa kwa kiganja. Hakucheka.

"Si ukae hapa utuambie wewe mwenyewe," akasema. "Umetufanya tulie bure tangu asubuhi."

Mama akavua viatu. Akaketi, mkoba akampa Swichi ashike. Akasafisha koo, sauti ikatoka ileile ya asubuhi, na hakuna aliyeuliza inaletwa na nani.

"Kulikuwa na viti," akasema, "vya kuzunguka."